Kompyuta Isiyotajwa Matangani

Annet alipofungua kufuli ya kibanda cha marehemu mumewe pale Kawangware, kitu cha kwanza alichogusa ni kiti, na kiti kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana dirisha lilikuwa limezibwa kwa katoni. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi kwenda haja na anarudi.

Akajiambia ni mabati. Mjane wa wiki sita hujiambia mengi.

Mumewe, Khamala, alikuwa akitaipia watu barua, na majirani, ambao midomo yao haijui likizo, walisema aliipenda kompyuta yake kuliko mke. Uongo kidogo, ukweli kidogo. Hospitalini alimshika Annet mkono akamwambia, "Barua ya kukuachia nyumba yetu ya Sarang'ombe nimeiandika. Iko kwa kompyuta, folda inaitwa Nyumbani. Chifu anajua." Kisha akafa. Sasa Maurice, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa anakwenda kwa chifu Jumatatu kuandikisha nyumba hiyo kwa jina lake, na chifu alikuwa amemwambia Annet wazi, "Mama Bridgit, niletee karatasi ya Khamala. Bila hiyo siwezi kubishana na ukoo."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Alikuja na Thuo, fundi wa kompyuta, mtu wa kujisifu kuanzia mlangoni. Thuo akawasha mashine, akaingia kwa njia zake za fundi, akabonyeza folda ya Nyumbani. Kikatokea kisanduku chenye maneno ya Kizungu.

"Inasema nini?" Annet akauliza.

"Imekataa. Ati hatuna ruhusa."

"Nani amekataza?"

"Mwenye folda. Hizi mashine za maofisini ziko hivyo, folda inamjua mwenyewe. Lakini usijali, mathe. Nitamtoa yeye, niandike wewe."

Akaandika. Jina la Annet likakaa pale palipoandikwa mwenye mali. Thuo akabonyeza folda. Imekataa. Akarudi kuangalia jina, akakuta KHAMALA. Akarudia, ikawa vilevile. Mara ya tatu hakuondoa macho, na wote wawili wakaliona jina la Annet likifutika lenyewe, herufi moja moja kutoka mwisho, taratibu, tak, tak, tak, kama mtu anayetaipu kwa kidole kimoja wala hana haraka.

Thuo akanusa. "Nani anakula njugu hapa?" akanong'ona.

Annet aliijua harufu hiyo. Njugu za kukaanga zilikuwa maisha ya Khamala. Hata vidude vya kutaipia vilikuwa na chumvi katikati.

"Mimi natoa virusi," Thuo akasema akikusanya bisibisi zake. "Huyu si virusi. Huyu ni wa kwenu. Tafuta mzee."

Mzee alikuwepo. Nalianya, fundi wa mbao wa Sarang'ombe, kanisani anaimba besi, lakini kwao alikuwa amekaa na wazee wanaogawa vitu vya marehemu matangani, akajua mila zao. Alimsikiliza Annet mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Siku ya kunyoa, mlipomaliza matanga, vitu vya marehemu vilitajwa, kila kimoja na wa kukichukua?"

"Vilitajwa. Koti alipewa Maurice, baiskeli mpwa wake, jembe, redio, kiti cha kukunja."

"Na kompyuta?"

Annet akatikisa kichwa. Kule nyumbani nani angetaja kompyuta? Wazee hawakujua hata kama ipo.

"Basi bado ni yake," Nalianya akasema. "Nyinyi mnamvunjia mlango, mama. Lazima ukoo uitaje, ipate mwenyewe, ndipo aondoke. Muite Maurice."

Jumamosi saa nane mchana mvua ilipiga mabati mpaka kibanda kikawa giza. Maurice alikuja amevaa lile koti la marehemu, bila aibu. Nalianya akaweka mkono juu ya kompyuta, akataja ukoo, akasema kitu hiki kilisahauliwa, na leo kinatolewa. "Nani anakichukua?"

"Mimi," Annet akasema.

"Shemeji, tangu lini?" Maurice akacheka. "Nakichukua mimi."

Nalianya akainamisha kichwa. Ukoo ulikuwa umesema. Thuo, aliyerudi kwa kuvutwa na udaku tu, akaandika MAURICE. Folda ikafunguka kimya. Ndani, barua moja. Maurice akaisoma mdomo ukicheza, akafika jina la Annet, akasema polepole, "Futa hii."

"Siwezi kufuta wosia wa mtu," Thuo akasema.

Maurice akamsukuma akabonyeza mwenyewe, na mashine ikamkatalia, akabonyeza tena, ikamkatalia, na harufu ya njugu ikajaa kibandani kama mtu amemwaga gunia miguuni pao, na vidude vya kutaipia vikaanza kushuka na kupanda bila mkono wowote juu yake, tak, tak, tak, huku Maurice akirudi nyuma akijivua koti kama limeshika moto, na ile printa iliyokuwa kwenye kona, ambayo hakuna aliyeiwasha, ikapiga kelele yake ya kukwaruza ikitema karatasi mstari kwa mstari, mpaka mstari wa mwisho ukatoka na kila kitu kikazima.

Maurice hakusubiri kusoma. Mvua ilimpokea bila koti.

Annet akaichukua barua. Ilikuwa vile alivyoahidiwa: nyumba ya Sarang'ombe ni ya mke wangu Annet, ndugu zangu wasimguse. Ila chini kabisa palikuwa na tarehe ya siku hiyo hiyo, na neno moja.

*Sijahama.*

"Mzee," akanong'ona, "si ulisema ataondoka?"

Nalianya alikuwa akiangalia mlango. "Angeondoka kama aliyetajiwa kompyuta angekuwa mtu wa kuaminika," akasema. "Ukiipeleka barua kwa chifu, nyumba ni yako, na marehemu yumo. Au unaweza kuichoma. Basi Maurice atachukua nyumba, na marehemu atabaki humo na Maurice. Chagua wewe."

Jumatatu chifu aliisoma barua, akaguna, akapuliza muhuri kabla ya kuugonga. Akafungua daftari.

"Nyumbani mnakaa wangapi, Mama Bridgit?"

Annet akahesabu: yeye, na binti yake Bridgit. Akatazama kalamu ya chifu ikingoja.

"Andika watatu," akasema.