Unga Mweupe Ndani ya Jani Bichi

Siku ile soko la Arua lilijaa hadi watu wakapitana kwa mabega. Loro, msubu anayeyeyusha alumini na kuimimina kalibuni, alikuwa amebeba kichwani puli iliyopasuka, gurudumu la mkanda wa mashine ya kusagia. Alipogeuka kumpisha mwenye baiskeli, ukingo wa puli ukagonga meza, na mabonge ya shabu yakatawanyika chini kama vipande vya chupa.

"Fundi, hiyo ni kofia ama silaha?" aliuliza mwenye meza.

Alikuwa amevaa kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na kitambaa cheupe kichwani. Jina lake Driwaru, binti wa kutoka Ayivu, muuzaji wa shabu ya kusafishia maji. Loro alipiga magoti, akaanza kuokota.

"Samahani, dada. Hii iko ya mashine ya unga. Nilisubu mwenyewe."

"Na imepasuka."

"Zote zinapasuka."

"Basi wewe unasubu biskuti."

Loro alicheka mpaka mabonge yakamponyoka tena. Tangu hapo akawa ananunua shabu kila alipopita, ingawa maji ya kisima chake yalikuwa safi kabisa.

Polepole alimweleza shida yake. Aliyeyusha pistoni za malori ya jeshi yaliyoachwa kando ya barabara tangu vita vya mwaka sabini na tisa, akamimina alumini katika kalibu za mchanga. Mwalimu wa darasa la jioni alikuwa amewasomea kwamba katika maabara za mbali watu huchanganya alumini na chembe za kauri ndogo kuliko vumbi, nazo huishikilia isipasuke. Loro aliponda vigae vya vyungu kwenye kinu mpaka viganja vikavimba. Lakini punje zilibaki kubwa, zikazama, na puli zikapasuka kama kawaida.

"Kwa mchi hutafika," alisema Driwaru. "Kuvunja kitu kikubwa kuna mwisho wake. Anza na kitu kilichokwisha kuyeyuka."

"Kitu gani?"

"Shabu hiyo unayonunua kwangu bure. Unadhani sijui?"

Loro aliinamisha uso. Driwaru akaendelea. "Bibi yangu alikuwa akiloweka nyuzi za pamba katika maji ya shabu ili rangi ishike. Siku moja nyuzi zikaungua. Pamba iliisha, ukabaki uzi mweupe wa majivu. Nilipougusa ukapeperuka kama moshi."

Wakajaribu. Waliloweka pamba, wakaianika, wakaichoma katika chungu ndani ya tanuri la Loro mpaka chungu kikawaka rangi ya chungwa. Driwaru akapeleka majivu nyumbani, akayaosha kwa maji mara nyingi, akionja kwa ncha ya ulimi mpaka chumvi yote ikatoka, kisha akayaanika. Ulipatikana unga mweupe, mwepesi mno. Akaufunga katika jani bichi la mgomba kwa kamba ya mgomba, kama anavyopelekewa mtu unayemheshimu, akaja nao amevaa kitenge kipya.

"Shemeji ameleta chakula?" aliuliza Ezati, mwenzake Loro.

"Chakula cha alumini," alisema Driwaru. "Wewe ngoja chako."

Loro alifungua jani upande mmoja, akachota unga, akautupia ndani ya alumini iliyoyeyuka. Chungu kikalipuka. Matone ya moto yakamchoma mkono tangu kiganja hadi kiwiko, tone moja likapita karibu na jicho.

"Umeniletea nini?" alisema, meno yakigongana kwa maumivu. "Unataka kuniua? Usiguse tena kazi yangu."

Driwaru aliokota kamba ya mgomba, akaondoka. Kidonda kilipokuwa kinasafishwa hospitali ya Kuluva, Loro akasikia kwamba Driwaru amehamia Koboko kwa shangazi yake Margarita. Hapo ndipo alipojua maumivu mengine.

Baadaye dada yake Loro alimletea karanga za kukaanga katika jani bichi. Ezati akatafuna, akakunja uso.

"Zimelainika. Jani limezitolea jasho."

Loro akaacha kutafuna. Alisimama, akautafuta ule unga uliobaki, akautandaza juu ya bati la moto. Mvuke ukapanda: maji ndiyo yaliyolipua chungu. Driwaru hakukosea kazi. Aliharibikiwa kwa sababu ya adabu, kwa kuwa hakutaka kumletea kitu katika gazeti kuukuu.

Unga ulipokauka kabisa aliukoroga ndani ya alumini, akasubu puli. Ezati akaipiga nyundo, nyundo ikaruka. Walipoifunga kwenye mashine ya sokoni ikasaga siku za soko zote bila ufa.

Loro akaenda posta, akapiga simu duka la Umaru, Koboko, Driwaru aitwe.

"Haloo, nani?"

"Msubu wa biskuti."

Waya ukanguruma. "Mkono iko namna gani?"

"Unapona. Driwaru, ilikuwa jani. Lilitoa jasho, unga ukanywa maji. Wewe uliniheshimu, mimi nikakutukana. Nisamehe, mpenzi."

"Nimekuwa nikiangalia mikono yangu kama ya mtu mbaya."

"Mikono yako imefanya puli isipasuke."

"Kwa simu maneno yako mepesi, fundi. Njoo uyaseme hapa."

Loro alifika Koboko juu ya lori la mihogo, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi. Alimkuta Margarita akichambua maharage na Driwaru akifagia. Akaweka chini mzigo uliofungwa katika jani bichi la mgomba.

"Jani tena?" alisema Driwaru.

Ndani mlikuwa na sufuria ndogo, nzito, ya alumini ileile.

"Hii haiogopi jasho. Nashukuru jicho langu limesalimika. Nashukuru bibi yako na nyuzi zake. Nashukuru siku ile puli iligonga meza yako..."

"Anashukuru mno huyu," alisema Margarita. "Mwanangu, unaposa ama unahubiri?"

"Naposa, mama."

Driwaru aliushika mkono wake wenye kovu, akaugeuza taratibu. Kisha akachukua sufuria, akaitia maji, akaiteleka motoni.

"Wazee wako waje," alisema. "Lakini unga tutaukausha pamoja."