Bwana Picha na Tangi la Dawa

Jirani zangu, mnaopenda kuonekana, hii inawahusu. Kaeni nayo vizuri.

Nyumba ya Bwana Picha ilikuwa na amani. Asubuhi mdogo wake, fundi viatu, hukaa barazani, kiatu kakibana kati ya magoti, anashona soli huku akimtania mama yao. Fundi huyu alizaliwa na damu isiyoganda. Akiumia kidogo tu, inavuja mpaka achomwe sindano yake. Na dawa ya sindano hiyo ilitoka kiwandani alikofanya kazi kaka yake, Bwana Picha mwenyewe.

Dawa hiyo haipikwi. Hutengenezwa na chembe hai, zinazolelewa wiki tatu kwenye tangi la vuguvugu. Vijidudu vikiingia, tangi zima linamwagwa. Ndiyo maana simu, inayobeba vijidudu, ni marufuku kwenye chumba cha tangi. Mfagiaji anajua. Hata mimi nisiyejua kitu najua.

Bwana Picha akaficha simu kwenye soksi. Alitaka watu wamwone na vazi jeupe, kaegemea tangi, utadhani kalivumbua yeye. Kioo cha simu kikakataa glavu, akavua moja. Akajipiga picha kumi na nne, moja akairusha mtandaoni! Kisha, kwa mkono uleule mtupu, akashika bomba la tangi achote sampuli.

"Kaka, vaa glavu," mwenzake wa kazini akamwambia.

"Acha ushamba wewe. Mimi nina miaka sita humu."

Siku ya tatu tangi likachafuka, likanuka uchachu. Likamwagwa lote.

Wiki hiyohiyo fundi akajigonga goti kwenye benchi. Damu ikavujia ndani, goti likavimba. Mama akamkimbiza hospitali.

"Dawa imekwisha, mama," muuguzi akasema. "Kiwandani tangi limeharibika. Tunaagiza kwingine."

Wakasubiri siku tisa, fundi akilia kwa maumivu. Dawa ilipofika, uhai ukasalimika, lakini goti likawa limekakamaa.

Bwana Picha akaja na machozi yake. "Mdogo wangu, nisamehe."

"Nimeiona ile picha, kaka," fundi akajibu. "Umetoka vizuri."

FUNZO

Ukikabidhiwa kazi inayobeba uhai wa watu, fuata masharti yake hata kama hakuna anayekutazama. Miaka yako kazini haiui vijidudu. Ukitaka sifa, katafute pengine, usizitafute kwenye dawa ya mgonjwa.

Bwana Picha amefukuzwa, na simpi pole. Fundi naye hawezi tena kubana kiatu. Wenye viatu barazani kwake, nendeni mkavichukue.