Roshani ya Mama

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya ujenzi lilijaa pomoni. Toroli ziligongana, mafundi walisukumana, vumbi la saruji likapanda mpaka kwenye kope. Katikati ya zogo hilo alisimama binti mwenye gauni la kijani na viatu vya visigino, akichagua nondo kama mtu anayechagua vitambaa.

"Dada, hizo unajengea nyumba au unatungia shanga?" alitania kijana aliyekuwa nyuma yake. Shati lake la kaki lilikuwa na madoa meupe.

"Shanga, kaka. Natafuta shingo ya kuzivaa. Yako naona inafaa."

Wakacheka, na kicheko hicho kikawaunganisha.

Binti alikuwa fundi wa miwani. Kijana alikuwa mkaguzi wa urithi, na mji mzima ulimwita Bwana Chokaa. Alilinda majengo ya mtaa wa kale, yaliyohifadhiwa kisheria sawa na mapango yenye michoro na misitu ya asili. Hakuna aliyeruhusiwa kung'oa hata dirisha bila kibali chake. Binti aliposikia hayo alishtuka. Kwao kulikuwa mtaa huohuo, na zile nondo zilikuwa za roshani mpya, akishaibomoa ya zamani. Akageuza mazungumzo.

Mapenzi yakakolea. Mchana simu ililia kazini.

"Mboni yangu, umekula?"

"Nimekula maneno yako, nimeshiba."

"Lini nitakuja kumsalimia Mama?"

"Vuta subira, laazizi. Nyumba inatengenezwa."

Jioni moja binti alirudi akakuta ukuta wa kwao umeandikwa kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA UJENZI. Chini yake palikuwa na sahihi aliyoijua, ya Bwana Chokaa. Akapiga simu papo hapo.

"Kumbe ulikuwa unanichunguza!"

"Nisikilize kwanza..."

"Mapenzi yote yale yalikuwa ukaguzi?"

"Hapana. Nililetewa taarifa."

"Na nani?"

"Siwezi kusema."

"Jana jiwe limeanguka karibu na kiti cha mama yangu. Likimpiga kichwani, utampaka rangi na yeye?"

Akakata. Tangu hapo hakupokea tena simu yake.

Mvua ikanyesha mfululizo. Ufa wa roshani ukapanuka mpaka ukameza kidole. Asubuhi moja binti akaleta mafundi wenye nyundo. Liwalo na liwe. Kabla nyundo ya kwanza haijanyanyuliwa, komeo lililia ghorofani. Mama alikuwa amejifungia nje, ameketi kitini katikati ya roshani, mtandio kichwani, mikono magotini.

"Mama, toka hapo! Itaanguka!"

"Ianguke na mwenyewe."

Ubao ukalia. Vumbi likamwagika, mafundi wakarudi nyuma. Binti akabonyeza namba aliyojiapiza kutoipiga tena.

"Mama yuko juu ya roshani. Njoo."

Mkaguzi hakuuliza swali. Alifika mbio na vibarua wawili wenye mirunda, nguzo za kuegemezea, mabegani, akaingia chini ya roshani, mahali ambapo hakuna fundi aliyethubutu kukanyaga.

"Utakufa humo!" binti alipiga kelele.

"Nishikie huu. Kaza!" mkaguzi alimwamuru kibarua.

Jiwe likachomoka, likamchana bega. Hakuachia mrunda.

"Shikamoo, Mama! Inuka polepole, pita kando ya ukuta."

"Marahaba, mwanangu." Aliitikia kama mtu aliyezoeana naye, ila hakuinuka. "Kwanza binti yangu ajue. Usimlaumu mwenzio. Mimi ndiye niliyekwenda kushtaki ofisini, nikamwapisha asinitaje."

"Mama! Kwa nini?"

"Uliniuliza? Ulibadili jiko, nikanyamaza. Uling'oa ngazi ya zamani, nikanyamaza. Kila nilichokizoea kwako ni kibovu. Nimebaki na roshani hii, nauona mtaa na mtaa unaniona. Na hii nayo?"

Binti alivua viatu, akapanda ngazi mbiombio, akabandika uso mlangoni.

"Fungua, Mama. Haitabomolewa. Nisamehe."

Komeo likasogea. Akanyoosha mkono. Mama akaambaa na ukuta, hatua kwa hatua, na alipokanyaga kizingiti ubao ukavunjika nyuma yake, kiti kikazama mguu mmoja. Wakaanguka ndani wamekumbatiana.

Chini, mkaguzi alikuwa ameketi ngazini, damu imelowesha shati. Mama na binti wakashuka, binti akamfuta kwa mtandio wa Mama.

"Sheria inakataza kubomoa, haikatazi kuimarisha," alisema mkaguzi. "Tutatumia mbao na chokaa, kama ilivyokuwa. Nilitaka kukwambia."

"Na mimi nilikuficha habari za kwetu. Kuna kingine mnachonificha?"

Mkaguzi alimtazama Mama. Mama alitazama dari.

"Siku ile ofisini Mama aliponitajia binti yake fundi wa miwani, nikajua ni wewe. Nikamwomba anioze."

"Nami nikamwambia amalize kazi kwanza," Mama akadakia.

Hasira na kicheko viligombania uso wa binti.

"Kuanzia leo, humu ndani hakuna anayeamuliwa jambo nyuma ya mgongo wake. Si Mama, si mimi."

"Basi nakuuliza wewe, ana kwa ana. Utakubali nikuoe?"

Nje roshani ikalia tena. Wote watatu wakabana pumzi, wakasikiliza. Mirunda ilishika.

"Nimekubali," alisema binti.