Vipimo vya Mteja wa Stoo

Kitambaa kilichowekwa kwenye paji la uso wake kilikuwa kibichi, na stoo alimolala haikuwa na bomba wala ndoo. Popo alikigusa kwa vidole, akashukuru kimoyomoyo, akakiacha kifanye kazi yake. Maumivu yalipopungua alitoka akipapasa ukuta, akamwambia Vifungo ahsante.

"Ahsante ya nini?" Vifungo aliuliza bila kuinua uso. Kazi yake ilikuwa kutia vifungo, na alikuwa na vitatu mdomoni.

"Ya kitambaa."

"Kitambaa gani, mwenzangu? Mimi tangu asubuhi sijanyanyuka hapa. Nikinyanyuka, Shangazi yako atanishona kwenye kiti, mimi na sketi yangu."

Walicheka. Popo alicheka kwa upande mmoja wa uso, maana ule mwingine ulikuwa bado unauma.

Popo halikuwa jina la msichana huyu. Walimwita hivyo kwa sababu mwanga ulikuwa adui yake. Alikuwa na kipanda uso. Mwanga mkali, au ule unaopepesa kama wa zile taa ndefu za darini, ulimletea kwanza meno ya msumeno yenye kung'aa pembeni mwa jicho. Dakika ishirini baadaye yalikuja maumivu yenyewe, msumari nyuma ya jicho la kushoto, na kutapika juu yake. Shule aliiacha kwa ajili hiyo, siku alipotapikia karatasi ya mtihani. Daktari alimpa vidonge na ushauri: ale kwa wakati, alale vya kutosha, akwepe mwanga. Ushauri ulikuwa mzuri, ila nani amewahi kulikwepa jua?

Shangazi yake ndiye aliyemchukua na kumpa cherehani katika karakana yake ya ushonaji. "Hapa ukishindwa, mwanangu, sina pengine pa kukupeleka," alimwambia siku ya kwanza, na Shangazi hakuwa mtu wa kutania.

Basi Popo akajitafutia mbinu. Alivaa kofia yenye ukingo hata ndani ya nyumba. Aliketi mgongo ukielekea dirisha. Zile dakika ishirini za msumeno alizitumia kumalizia mshono aliokuwa nao, ili asiache kazi nusu. Na kwenye utepe wake wa kupimia alishona vinundu vya uzi, kidogo kila inchi, kikubwa kila inchi tano, apate kupima watu macho yakiwa yamefumbwa. Mafundi wenzake walimcheka, kisha wakanyamaza walipoona vipimo vyake havikosei hata nusu inchi.

Akizidiwa kabisa, alikimbilia stoo. Haikuwa na dirisha. Alijilaza juu ya majora ya vitambaa, akavuta mlango, akangoja.

Wiki moja baada ya kile kitambaa kibichi, akiwa amelala humo na kichwa kikigonga kama cherehani ya mguu, alisikia mtu akipumua karibu na mlango.

"Nipime," sauti ikasema.

Chumba cha kujaribia nguo kilikuwa mlango wa pili, na wateja walikosea mara kwa mara. Shangazi naye alikuwa na sheria moja: anayesema nipime hupimwa kwanza, maswali baadaye. Popo hakutaka ionekane kwamba kichwa chake kimefukuza mteja. Aliinuka, macho yamefumbwa, akautoa utepe shingoni.

Mteja yule alinuka kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Popo alipima akitaja vipimo kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yao mwenzake anapoandika.

"Bega, kumi na nne."

"Kumi na nne," sauti ikarudia.

"Kifua, thelathini na mbili. Kiuno, ishirini na sita."

"Ishirini na sita."

Alipofika kwenye mkono, sauti ilitaja ishirini na mbili kabla yeye hajahesabu vinundu. Ilikuwa ishirini na mbili. Hapo ndipo Popo alipohisi nywele za shingo zikisimama, kwa sababu alivijua vipimo vile. Vilikuwa vyake, vyote, hata lile bega la kulia lililoshuka kidogo kuliko la kushoto.

"Wewe nani?" alinong'ona.

Vidole baridi vilimfunika macho, na maumivu yakazimika kama mshumaa.

"Nishonee gauni," sauti ikasema. "Kwa kila mshono mmoja, nitakuondolea maumivu mara moja."

Ungekuwa wewe, ungekataa? Popo alitaka kukataa. Lakini karakana ilikuwa imepokea kazi ya sare za shule nzima, na Shangazi alikuwa ameshasema mbele ya wote kwamba safari hii hataki kusikia habari ya kichwa. Kila mara meno ya msumeno yalipoanza kung'aa, Popo aliingia stoo, akashona kwa mkono mshono mmoja wa gauni jeusi la kitambaa cha bitana, akatoka amepona. Sare zilikwenda. Shangazi akamsifu, na Shangazi kusifu ilikuwa kama mvua ya kiangazi.

Siku ya nne Vifungo alimvuta pembeni.

"Popo, jana saa sita mchana ulikuwa ukifanya nini pale dirishani?"

"Dirishani? Mimi nilikuwa stoo."

"Ulikuwa dirishani bila kofia. Umelikodolea jua macho, hupepesi. Nikakuita, ukageuka polepole, ukatabasamu. Mwenzangu, nilimeza kifungo."

Hakuna aliyecheka. Popo akamweleza yote kwa kunong'ona, wakiwa wameinama juu ya sare moja kana kwamba wanatafuta kasoro. Vifungo alimsikiliza hadi mwisho.

"Limebaki nini kwenye hilo gauni?"

"Fundo la mwisho tu, kwenye pindo."

"Usilifunge. Nguo isiyofungwa fundo haivaliki, itafumuka. Hata kichwa kipasuke, mdogo wangu, usilifunge. Niahidi."

Popo akaahidi, na akakusudia kutimiza.

Lakini kesho yake Shangazi, kwa haraka ya kumaliza sare, alileta fundi umeme akafunga taa mpya, nyeupe, mbili juu ya kila cherehani. Zilipowashwa Popo hakupewa hata zile dakika ishirini. Msumeno na msumari vilikuja pamoja. Aliona Shangazi ana nusu ya uso, aliona mkono wake mwenyewe hauna vidole, akasikia, "Usiniambie ni kichwa tena!" na miguu yake ikampeleka stoo bila yeye kuituma, ambako alitapika mpaka hakukuwa na cha kutapika, akajikunja sakafuni na paji la uso kwenye saruji, na vidole vile baridi safari hii havikuja, vilikaa mbali, na gizani mkasi ukawa unafunguka na kujifunga, unafunguka na kujifunga, bila kukata kitu.

"Fundo moja tu," sauti ikasema.

"Nimeahidi."

"Basi lala na kichwa chako."

Alilala nacho. Hakujua ni saa ngapi zilipita, au kama zilikuwa saa. Nje cherehani zilikimbia, na Shangazi aliita jina lake mara mbili, mara ya pili kwa ile sauti aliyotumia kumwachisha mtu kazi, na Popo akawaza nyumba ambako hangeweza kurudi, na vyumba vyote vya dunia vilivyojaa taa, na mkono wake ukatafuta sindano wenyewe, ukaipata, ukazungusha uzi kidoleni, ukavuta.

Maumivu yakaisha. Karibu yake nguo ikachakarika, kama mtu anayeipitisha kichwani. Kisha mlango ukafunguka, mwanga ukaingia kama maji ya moto, Popo akafunika macho yake na kurudi nyuma, na kwa mkono wake mwenyewe akausukuma mlango ukajifunga.

Nje alisikia sauti yake.

"Samahani, Shangazi. Kichwa kimepona. Kimepona kabisa."

Alifungua mdomo kupiga kelele. Kilichotoka kilikuwa mlio wa mkasi.

Siku zilizofuata alisikia kila kitu kupitia mlango. Sare zilimalizika kabla ya wakati. Shangazi alimwita yule wa nje mwanangu, kila saa mwanangu. Yule wa nje hakuvaa kofia. Popo aligonga mlango, akakwaruza ubao, akajaribu kutoka, lakini kila ufa wa mwanga ulipomgusa ngozi iliungua ikatoa harufu ya pasi, naye akarudi kati ya majora, akalia bila machozi.

Aliyesikia kugonga alikuwa Vifungo.

"Bado limo humo," Vifungo alisema nje. "Lile lililokuwa likikusumbua, Popo. Linagonga. Mimi siwezi kukuacha hivi, lazima tulitoe. Nimemwita mganga."

"Ahsante, dada yangu," ikajibu sauti ya Popo. "Wewe ndiye rafiki wa kweli."

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi. Aliweka sikio mlangoni. Popo naye akaweka lake upande wa pili, akagonga kwa kidole, taratibu, ule mdundo ambao yeye na Vifungo walizoea kugonga mezani wakiitana kwenda kula.

Nje Vifungo akashtuka, akarudi nyuma hatua moja.

"Vifungo," mganga aliuliza, "umeufahamu mlio huu?"

"Huo... huo ni wetu sisi wawili," Vifungo akasema polepole. "Limeujuaje?"

"Linaiga," ikasema sauti ya Popo kwa upole. "Si lilikaa nami humo siku zote hizo? Usilijibu."

"Majini ya gizani hayataki mwanga," mganga akasema. "Leteni taa zote mlizo nazo."

Popo alisikia nyaya zikiburutwa, ngazi ikiegemezwa, Shangazi akihimiza watu. Alijibanza kwenye pembe ya mwisho, akajifunika jora zima, akafumba macho, akafunika macho kwa viganja. Mlango ukafunguliwa wote. Mwanga ulipita kwenye jora, ukapita kwenye viganja, ukapita kwenye kope, na aliyeongoza njia akiwa ameishika taa kubwa kuliko zote, bila kupepesa, alikuwa msichana mwenye bega la kulia lililoshuka kidogo.

"Limekwisha?" Vifungo aliuliza kutoka mlangoni, akilia. "Popo, mpenzi, limekwisha?"

"Bado kidogo," msichana akajibu. "Niongezeeni taa."