Mafungu ya Marlène

Boti ya kisiwa cha Chisenga ilipofika soko la ziwani Nchelenge, abiria walimwagika wote kwa pamoja, na bega la Kapembwa likagonga beseni kichwani mwa mwanamke mmoja. Samaki wakavu wakatapakaa mchangani.

"Unisamehe, mukwai!" Kapembwa aliomba kwa heshima ya Kibemba.

"Samahani haiokotake samaki, weye. Inama!"

Akainama na shati lake jeupe la ualimu. Mwanamke alivaa kitenge cha rangi ya machungwa, jasho likimetameta shingoni. Aliitwa Marlène, mkimbizi kutoka Kongo. Meza yake ilikuwa palepale sokoni.

"Sayansi inasema vitu vinapenda kutawanyika," Kapembwa alijitetea. "Kupanga ndiko kunataka nguvu."

"Basi tumia yako, mwalimu."

Akacheka, na Kapembwa akawa amekwisha.

Miezi mitatu simu zao hazikupoa.

"Umekula, chéri?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Muongo! Kula bukari."

Siku moja Marlène alimwachia meza, akaenda kupokea mzigo. Kapembwa akatazama mafungu ya kuuza: kila moja samaki mkubwa mmoja, wa kati wawili, wadogo watano. Vurugu gani hii? Kwa mapenzi yote akapanga upya, wakubwa huku, wadogo kule. Marlène aliporudi, wakubwa walikuwa wamekwisha, na bibi mmoja mzee alikuwa akiondoka na wadogo watupu. "Nimekuondolea fujo," Kapembwa alijigamba.

"Nani alikutuma?" Marlène akabwaga mzigo chini. "Nachanganyaka juu mutu wa mwisho apate sawa na wa kwanza. Kambini, kwa mustari wa chakula, siye ndio tulikuwa ba mwisho, kila siku. Na weye unaita fujo!"

Wiki nzima hakupokea simu. Kisha ukaja ujumbe: "Kesho naenda kuishi kwa tantine yangu, kule Chienge. Sitarudi."

Asubuhi Kapembwa alimkuta akifunga vikapu. Yeye ambaye hakuwahi kukubali kosa hata mbele ya mkuu wa shule, alipaza sauti soko zima likageuka.

"Nilikosea! Mpangilio ulikuwepo, mimi nikauvuruga. Nifundishe, Marlène. Usiende. Nataka kukuoa."

"Unasema mbele ya batu?"

"Nirudie?"

Marlène akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hapana, utanifukuzia bateja."

"Na Chienge?"

"Chienge haitembee, itabakia palepale." Akaanza kufungua kikapu. "Jumapili, misa ikiisha, tuma bazee yako kwa baba. Na uvae viatu vya muzuri. Mama anaangaliaka viatu kwanza, uso nyuma."

Kapembwa akatazama viatu vyake, vimejaa matope ya ziwa, kisha akainama kuvifuta kwa ncha ya shati lake jeupe.