Ufito wa Pikapu Mpya

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia mlango wa nyuma wa karakana ya baba yake, akatundika sare kwenye msumari, akavaa gauni la kazi lililojaa madoa ya rangi na kushika ufagio. Akifagia maranda, mdomo nao haukupumzika. Alisimulia nani alisinzia darasani, mwalimu wa hesabu alikosea wapi, na paka wa jirani amezaa wangapi. Baba yake aliitikia "ehe" bila kuinua macho kutoka kwenye randa. Shangazi yake ndiye aliyempachika jina hilo la ndege mwenye kelele alipokuwa mdogo, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba halikumfaa.

Baba alikuwa fundi wa vyumba vinavyobebwa na pikapu. Chumba cha namna hiyo hujengwa kwa mbao na bati jepesi, kikawa na kitanda, kabati, dirisha na mlango, kisha kikaketishwa nyuma ya pikapu, pale panapowekwa mizigo. Kina miguu minne ya chuma inayorefushwa kwa kuzungusha mpini. Gari likitakiwa kwa kazi nyingine, chumba husimama kwa miguu yake na gari huondoka chini yake. Wateja wa Baba walikuwa watu wa safari, na mmoja wao alikuwa dada yake mwenyewe, yaani shangazi yake Chiriku, muuguzi aliyezunguka akichanja watoto sehemu zisizo na zahanati. Chumba cha shangazi kiliitwa Kobe, na sababu kila mtu aliiona.

Kujenga chumba si shida. Shida ni kukiketisha. Ndani ya bodi ya pikapu, kulia na kushoto, kuna matao mawili yanayofunika magurudumu ya nyuma, na chumba hukaa katikati yao. Kikizidi hakiingii, kikipwaya, kitachezacheza njiani mpaka kikate minyororo inayokifunga kwenye gari. Tena pikapu ni kama watu wa nyumba moja, sura zinaweza kufanana na miili isifanane. Ndiyo maana Baba alikuwa na utaratibu wake. Kila pikapu iliyofika ilikatiwa ufito wake. Ufito ulilazwa sakafuni mwa bodi, kutoka tao hadi tao, ukakatwa palepale ndani ya gari, kisha ukatundikwa ukutani. Vibao vya kubana chumba pembeni vilirandwa kwa kuutazama ufito huo, basi.

"Namba unaweza kuzisoma ukiwa umesimama kivulini," Baba alikuwa akisema. "Ufito unataka uingie ndani ya gari, upige magoti."

Mwaka huo alianza kumwachia Chiriku kazi ya kukata fito, naye Chiriku alitembea karakanani kifua mbele kama mwenye mali.

Wiki ya kufunga shule, pikapu ya shangazi ilikufa injini. Ikavutwa kwa kamba mpaka karakanani, na Kobe akashushwa akasimama kwa miguu yake. Hospitali ikampa shangazi pikapu nyingine, nyeupe kama ile ya kwanza, pua ileile, taa zilezile. Ililetwa na dereva wa siku zote wa shangazi, mzee mmoja ambaye watu walimwita Polepole kwa sababu hata baiskeli zilimpita. Safari ilikuwa ya Jumapili alfajiri. Wazazi wa vijiji walikokuwa wakienda walikuwa wameshaarifiwa walete watoto, na dawa zilikuwa tayari kwenye barafu. Safari hii Chiriku naye angekwenda, kwa mara ya kwanza, alale ndani ya Kobe pamoja na shangazi. Kwa ajili hiyo alikuwa amesukwa nywele mpya, kazi iliyomkalisha kitako asubuhi nzima.

Ijumaa Baba alikuwa amelala chini ya Kobe akifungua vibao vya zamani, maana vilikuwa vimeoza kwa maji. Akamwambia Chiriku akakate ufito wa pikapu mpya ili arande vibao vipya. Chiriku akachukua msumeno na ufito, akaenda uani. Alipochungulia ndani ya bodi alikuta magunia ya mkaa yamebanana mpaka juu. Hospitali ilikuwa imelitumia gari hilo kubebea mkaa wa jikoni. Ili kufikia matao ingebidi aite mtu wa kumsaidia kushusha magunia, au atambae katikati yake na zile nywele zake mpya.

Alisimama akizitazama pikapu mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Nyeupe na nyeupe, pua na pua. Hawa ni mapacha, alijiambia. Akarudi ndani kimyakimya, akautungua ufito wa pikapu ya zamani, akaulaza juu ya ufito mpya na kukata kwa kuufuatisha. Haikuchukua muda hata kidogo.

"Umepima?" Baba aliuliza kutoka chini ya Kobe.

"Nimepima."

"Uliingia ndani?"

Chiriku aliutazama ufito mkononi. "Niliingia, Baba."

Baba hakuuliza tena. Jioni ile alikata vibao, akaviranda, akavipaka gundi na kuvikaza kwa bolti. Kila mara alipoulinganisha ufito na ubao, Chiriku aliona haja ya kwenda kufagia upande wa pili.

Jumamosi mchana, mkaa ukiwa umeshateremshwa, Polepole alianza kurudisha pikapu nyuma ili iingie chini ya Kobe. Baba alisimama nyuma akielekeza kwa mikono. Shangazi alikuwa mlangoni na masanduku yake. Pikapu iliingia nusu, kisha ikasikika sauti ya mbao ikikwaruza bati. Mguu mmoja wa Kobe uliinuka kidogo kutoka chini, na ndani yake vyombo vikagongana.

"Simama, Mzee wangu, simama," Baba alisema. "Umekuja upande."

Polepole alitoka, akaja tena. Sauti ikawa ileile. Mara ya tatu aliteremka kabisa, akazunguka gari akitazama matairi, akarudi kwenye usukani akijifuta jasho shingoni. Ikawa vilevile. Baba hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini aliwaza mambo mengi kwa pamoja siku hiyo: giza lisiingie, dawa zisiharibike, Kobe asianguke. Alimvuta dada yake pembeni, ila si mbali vya kutosha, akamwambia kwamba macho ya mzee yamechoka. Kama gari halinyooki kwenye uwanja mpana huu, je, kule kwenye madaraja ya magogo? Bora aombe hospitalini dereva mwingine, kijana, safari isiharibike.

Polepole aliyasikia yote. Alizima gari, akachomoa funguo na kuziweka juu ya boneti taratibu. Miaka yote aliyomwendesha shangazi alikuwa hajawahi kulikwaruza gari hata kwa tawi la mti. Sasa alisimama akiyatazama macho yake kwenye kioo cha pembeni, kama anayejiuliza lini yalianza kumsaliti.

Shangazi alimgeukia Chiriku. "Na wewe leo umemeza nini? Tangu nifike sijasikia neno."

Chiriku aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Alijua akifungua mdomo hakuna safari. Alijua pia Baba hatampa tena ufito. Lakini zile funguo juu ya boneti zilimtazama, na hakuweza kuzitazama zaidi.

"Si macho ya Mzee," alisema. "Ni ufito. Sikuingia ndani. Niliufuatisha ule wa pikapu ya zamani."

Baba aliingia karakanani, akautungua ufito, akapanda kwenye bodi, akapiga magoti na kuuelekeza kati ya matao. Haukulala. Ulikaa mshazari, ncha moja juu ya tao, na upana wa vidole viwili haukuwa na pa kwenda. Aliteremka, akazichukua funguo kwa mikono miwili na kumrudishia mwenyewe.

"Nisamehe, Mzee wangu. Nimekushtaki bila kupima."

"Hata mimi nilishaanza kujishtaki," Polepole alisema.

Chiriku alitaka kulia lakini hakukuwa na nafasi ya kulia. Safari hii aliingia mwenyewe kwenye bodi, vumbi la mkaa likimwingia kwenye nywele na kucha, akaulaza ufito mpya tao hadi tao na kuukata palepale. Kisha akalala chini ya Kobe kando ya Baba, akimshikia taa wakati akifungua bolti na kubandua gundi. Waliranda vibao upya kwa zamu, Polepole naye akakunja mikono ya shati akasaidia. Jua likikaribia kuzama, pikapu iliingia chini ya Kobe taratibu, nyoofu, bila kugusa popote. Kobe akashushwa akakaa. Baba akamsukuma kwa bega, na hakucheza.

Wakinawa mikono, Chiriku alisema kwa sauti ndogo kwamba atakwenda kuutoa mfuko wake ndani ya Kobe.

"Uache," Baba alisema. "Kaa hapa kwanza."

Waliketi juu ya gogo, Baba ameushika ufito wa uongo mapajani.

"Sikukasirika kwa sababu ulikosea kipimo. Mimi nimekosea vipimo vingi, na ubao ukizidi nauranda tena. Lakini mimi niliranda nikiamini maneno yako, Mzee naye akaendesha akiamini kazi yangu, na shangazi yako angelala humo akituamini sote. Ulipodanganya neno moja, sote tukawa tunafanya kazi kwa uongo bila kujua. Mwisho wake aibu ikamwangukia mtu asiyekuwa na kosa. Hilo ndilo liliniuma, mwanangu."

"Hata mimi, Baba."

"Nimeona. Ungeweza kunyamaza ukaenda zako safari. Kwa hiyo utakwenda, lakini una kazi. Kila mtakaposimama utaingia chini, utazame vibao na minyororo, umwambie Mzee ulichokiona. Si unachopenda kiwe. Ulichokiona."

Waliondoka alfajiri, Polepole akiendesha kama jina lake. Barabara ilikuwa mbovu. Kituo cha kwanza kilikuwa kando ya kisima, na ukungu ulikuwa bado umelala. Chiriku alikuwa na njaa, na shangazi ameshafungua chupa ya chai. Alitambaa chini ya gari kwenye tope la baridi. Vibao vilikuwa imara. Mnyororo wa kulia ulikuwa umekaza. Wa kushoto pia, au karibu na hivyo. Aliushika, akaona unacheza kidogo sana. Kuukaza kungemaanisha kutoa vyombo vyote vya chini vilivyoziba bolti yake, na chai ipoe.

"Haya, binti, kukoje huko?" Polepole aliuliza.

"Wa kushoto umelegea, Mzee. Kidogo tu, lakini umelegea."

Mzee hakwenda kuhakikisha. Alifungua sanduku la vifaa, akachukua spana na kuanza kutoa vyombo. Chai ilipoa kweli. Alipomaliza alijifuta mikono na kumpa Chiriku kikombe chake.

"Unajua kwa nini sikuchungulia?" alisema. "Kwa sababu wewe umeshachungulia. Mtu akikuamini hivyo, amekupa kitu kikubwa. Kitunze."

Walipanda garini. Hata kabla hawajafika kwenye lami, Chiriku alikuwa ameshaanza kuwasimulia habari za paka wa jirani, na shangazi akacheka akasema kwamba sasa safari imeanza.