Kigoda cha Mzee Luhende

Habari hiyo aliileta jirani, Mama Shija. Eti kule Nkololo kuna mzee aliyewekewa nyonga ya bandia, kama Mzee Luhende. Siku ya ngoma akaruka mara moja tu, nyonga ikachomoka, mguu ukageuka.

"Ulimwona?" Kabula, binti wa Luhende, aliuliza.

"Shemeji yake ndiye alinisimulia. Shauri yenu."

Tangu hapo Kabula hakumwondolea baba yake macho. Luhende alikuwa mchezaji wa ngoma ya majembe, anajulikana mpaka Ipililo. Sasa kila akitaka kuinuka, binti yake alimwambia, "Baba, kaa." Akamwekea isumbi, kile kigoda kifupi cha miguu mitatu. Mzee akashinda hapo, magoti karibu yaguse kidevu.

"Umenifunga kama ndama," alilalamika. "Na ndama hufunguliwa akanyonye!"

Kabula alicheka, ila roho haikutulia.

Siku moja akaja Judica, mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali.

"Wangaluka, baba," alisalimia Kisukuma kwa lafudhi ya Moshi. Mzee akacheka. Judica alipokiona kigoda, hakucheka.

"Nani kamkalisha hapa?"

"Mimi, dada. Naogopa akitembea nyonga itachomoka."

"Inaweza kuchomoka hapo hapo alipokaa, Kabula. Magoti yakipanda juu ya nyonga, mfupa wa bandia unasukumwa utoke mahali pake. Mpe kiti kirefu, chenye mikono. Asichuchumae, asikunje nne, asiiname kuokota vitu chini. Lakini atembee! Mtu akikaa kutwa, damu inaweza kuganda mguuni."

Kumbe hatari aliiweka yeye mwenyewe.

"Na ngoma?" mzee akauliza.

"Pole pole, baba. Daktari akikuruhusu, utacheza kwa hatua ndogo na makofi. Kuruka na kuinama na jembe, hapana." Akamgeukia Kabula. "Akipata maumivu ya ghafla, mguu ukaonekana mfupi, akashindwa kuukanyagia, usiuvute. Mpeleke hospitali haraka. Hata shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikimbana, usingoje."

Kigoda kikarudi zizini, kwenye kazi yake ya kukaliwa wakati wa kukamua. Kiti kirefu kikaazimwa kwa Mama Shija huyo huyo. Kila asubuhi mzee alitembea na magongo yake, kwanza mpaka zizini, baadaye mpaka barabarani. Kabula nyuma, macho kwenye mguu.

Pamba ilipokwisha kuvunwa, daktari alimpima, akamruhusu kucheza kidogo. Siku ya ngoma Luhende alisimama pembeni, akapiga makofi, akakanyaga taratibu. Hakuumia.

"He! Haijachomoka?" Mama Shija alishangaa.

"Ingechomoka, ungekwisha kuitangaza Nkololo," mzee akamjibu.

Watu wakacheka. Kisha ngoma ikabadilika, wachezaji wakainua majembe. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Akamwinamia binti yake kidogo.

"Ng'wanawane, mwanangu, niombee kwa yule daktari. Kuruka mara moja tu. Mara moja."

Kabula aliutazama ule mguu. Ngoma ikazidi kulia.